Kopo la Mwisho

Kabla hujaondoka, Nibia, ulipika siku tatu mfululizo,
dengu na boga na soseji za kukausha,
ukajaza makopo ishirini na moja ya plastiki,
ukayapanga kwenye friza kama kikosi,
tarehe juu ya kila kifuniko,
herufi zako zimesimama mguu sawa.
"Moja kila Jumapili," ulisema.
"Yakiisha, mtakuwa mmeshazoea."
Teksi ikapiga honi.

Sasa ni Juni. Durazno yote imelowa,
mto Yí umepanda hadi kwenye bembea za watoto.
Saa moja asubuhi kwetu, giza bado;
kwako huko Golan ni saa saba mchana.
Unapouliza tumeamkaje
jua la huko limeshakukausha jasho mgongoni.

Tumeamka.
Ainara hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nami nasuka, vidole hivi vya kufungua injini za pikipiki,
grisi haitoki kwenye kucha hata kwa sabuni ya unga.
"Mafungu matatu, Baba, si mawili."
Njia ya katikati inakwenda kombo kama njia ya ng'ombe.
Shuleni wanamcheka. Anasema hawamcheki.

Yamandú haulizi kitu.
Redio ikitaja neno mpaka, anaacha kutafuna.
Niliificha redio.
Akaipata.

Bi Elbia wa jirani kaleta malimau, akachungulia uani:
"Mwanamume mzima, mke yuko na bunduki, wewe na chupi za watoto?"
Nikamwambia naam, mama, na kwa mvua hii
hata hizo chupi hazikauki.
Alicheka. Usiku sikucheka.
Usiku nalala upande wako wa kitanda
ili upande mtupu uwe wangu.

Kopo la ishirini na moja.
Jumapili yake ilipofika tulikula tambi.
Iliyofuata, mayai.
Hakuna aliyetoa amri, hakuna aliyeuliza.
Lilikaa kwenye barafu peke yake
kama askari wa lindo ambaye mwenzake
hakuja kumpokea zamu.

Kisha dhoruba ya Alhamisi, umeme ukakatika,
siku ya kwanza, ya pili,
na alfajiri ya Jumamosi Ainara kakanyaga dimbwi
chini ya mlango wa friza, akapiga yowe:
"Mama anayeyuka!"

Basi. Niliwasha kuni kwenye jiko la chuma.
Dengu zilipochemka nyumba ilinuka Januari,
ilinuka wewe umefunga kilemba cha taulo
na kunifukuza nisionje.
Yamandú alisema hana njaa,
kisha akakomba bakuli kwa mkate mpaka likang'aa.
Katika bakuli langu nilikuta unywele,
mrefu, mweusi.
Siku nyingine ningelalamika.
Nikauweka ukingoni mwa sahani,
halafu, walipogeuka, mfukoni.

Simu niliichaji kwa betri ya pikipiki ya mteja.
Ulipopiga, ukauliza: "Mmekula?"
Nikatafuta la kusema.
Mwanao akanipokonya simu,
na haya ndiyo maneno yake marefu ya mwezi mzima:
"Tumekula chako. Kilizidi chumvi."
Ulicheka, Nibia, ulicheka
mpaka mtandao ukakata,
na sisi watatu tukabaki tunaisikiliza simu
kama bado unacheka ndani yake.

Umeme umerudi jana.
Kopo nimeliosha, tarehe yako sikuifuta.
Nimepika: boga gumu, dengu zimeshika chini kidogo.
Nimelijaza, nikaandika Januari
pembeni ya mwandiko wako,
herufi zangu zimekaa mguu pande.
Hili ni la kwako, ukifika.
Ainara kachora kitu juu ya kifuniko.
Ni ng'ombe, au ni wewe.
Sijamuuliza.